Mstari wa Mwisho Unaitwa "Sisi"

Daftari lenyewe ni la kurasa arobaini, lile la shule ya msingi lenye tebo nyuma ya jalada. Kona zake zimejikunja kama majani ya mgomba uliokosa maji, na katikati ya jalada kuna doa la grisi lenye umbo la kidole gumba. Makazi yake ni kati ya kioo cha mbele na dashibodi ya Kosta moja inayopiga tripu za Makumbusho na Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam. Dereva alipokanyaga breki ya ghafla karibu na Mwenge kumkwepa bodaboda, daftari liliteleza, likaangukia magotini mwa abiria wa kiti cha mbele, ambaye siku hiyo alikuwa mwandishi wa makala haya.

Lingerudishwa bila neno kama si namna lilivyofunguka. Ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula, kwa unadhifu ambao mwalimu wa darasa la nne angeupa vema. Kila siku ilikuwa na mambo sita, kwa mpangilio usiobadilika: mafuta, hesabu, kuosha, maji, pigadebe, na chini kabisa, sisi.

Sisi. Hapakuandikwa mshahara, wala faida, wala posho. Mbele ya neno hilo siku nyingine kulikuwa na tarakimu, siku nyingine kistari kifupi tu. Ijumaa moja kulikuwa na namba iliyotanguliwa na alama ya kutoa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Mwenye daftari, dereva mwenyewe, alinyoosha mkono akalichukua bila kugeuza shingo. "Hilo ndilo benki yangu, dada," alisema. "Ila benki isiyo na pesa."

Alikubali kuzungumza siku mbili baadaye, kwa sharti kwamba jina lake na namba ya gari vibaki kijiweni. Alipata nafasi kwa sababu saa sita mchana gari huwa mikononi mwa mtu mwingine. Jua likishapanda na abiria wakipungua, dereva humkabidhi usukani deiwaka, yaani dereva wa kibarua asiye na gari lake, apige tripu mbili tatu wakati mwenyewe akila na kujinyoosha. Kwa hiyo mazungumzo yalifanyika kwenye benchi la mama lishe nyuma ya stendi ya Makumbusho, juu ya sahani ya ubwabwa na maharage, daftari likiwa limelazwa mezani karibu na chupa ya pilipili.

Tuanze na mstari wa hesabu, kwa kuwa ndio unaotawala mingine. Aliyekulia Dar hahitaji kuelezwa sana. Mwenye gari, anayeitwa tajiri, hamlipi dereva. Dereva na konda ndio wanaomlipa tajiri kiasi kilichopangwa kila siku gari linapolala. Mafuta ni juu yao. Kinachosalia baada ya hapo ndicho chao wawili. Katika daftari hili mstari wa hesabu hauna tarakimu hata moja, una alama za vema tu, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa nini? Dereva alicheka. Kiasi hakibadiliki, alisema, sasa wino wa nini? Mvua inyeshe au isinyeshe, shule zifungwe au zifunguliwe, tajiri anataka ileile. Asipoandika vema siku tatu, kesho yake anakuta mtu mwingine ameshika funguo.

Mafuta yamepewa heshima yake. Tarakimu ni kubwa, kalamu imekandamizwa hadi imeacha mabonde upande wa pili wa karatasi. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na dereva huyu huipigia duara nyekundu siku hiyo. Anakumbuka Agosti 2022 kama wengine wanavyokumbuka mwaka wa njaa: dizeli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,300 kwa lita, licha ya Serikali kuwa imeanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Nauli ya ruti fupi, isiyozidi kilomita 10, ilikuwa imetoka tu kupandishwa mwezi Mei, kutoka shilingi 400 hadi 500, baada ya kusimama palepale tangu mwaka 2013. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliipandisha tena hadi 600. Redioni ilisemwa kwamba wenye daladala wamepumua. Tajiri wake alipumua kwa kuongeza hesabu wiki hiyohiyo.

"Nauli ikipanda, hesabu inapanda," alisema. "Mafuta yakipanda, hesabu haishuki. Hiyo lifti ina kitufe kimoja tu."

Kuosha ni mtoto wa pale stendi mwenye ndoo na brashi. Pigadebe ni vijana wanaoita abiria, ambao usipowapa chao gari lako litaitwa jina la ruti nyingine. Na maji? Mstari huo una kiasi kidogo karibu kila siku, wakati mwingine mara mbili kwa siku, na ndani ya Kosta ile mwandishi hakuona hata chupa tupu ya maji. Alipouliza, dereva alimtazama, akatazama barabarani, akamwomba mama lishe amwongezee mchuzi. Alichokuwa tayari kukizungumzia ni faini halali, ile ya shilingi 30,000 kwa kosa. Aliifanyia hesabu papo hapo, si kwa shilingi ila kwa vichwa: kwa nauli ya 600 ya safari fupi, ni vichwa hamsini. Kosta yake haina hata viti hamsini. Faini moja inameza gari zima pamoja na waliosimama.

Vichwa navyo havilingani. Mwanafunzi hulipa 200. Hakuna mzazi wa Dar ambaye hajasikia mtoto wake amesukumwa mlangoni au ameachwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi akiwa na sare na begi, na makonda wamelaaniwa kwa hilo kwenye kila baraza. Wanastahili. Lakini ukishalishika daftari hili mkononi, swali linabadilika kidogo. Nauli nafuu ya mwanafunzi ni sera njema. Tofauti ya shilingi 400 haitoki Hazina. Haitoki kwa tajiri pia, maana hesabu yake haijui nani alikuwa na sare. Inakatwa kwenye mstari wa mwisho, na anayetumwa mlangoni kuulinda mstari huo ni kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hana mkataba na mtu yeyote.

Hapo dereva aligonga meza kwa kidole. "Mafuta yana EWURA. Nauli ina LATRA. Barabara ina trafiki, hesabu ina tajiri. Sasa niambie wewe uliyesoma, sisi tuna nani?"

Kwenye karatasi, wana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Dereva huyu huamka Gongo la Mboto saa tisa usiku, saa kumi alfajiri gari linanguruma, na huliegesha saa nne usiku. Ukitoa saa mbili za deiwaka, zinabaki kumi na sita. Kwa siku sita ni saa 96, zaidi ya mara mbili ya zile 45. Wala yeye si kioja cha mji. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyeufuatilia usafiri wa Dar es Salaam kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu Taken for a Ride mwaka 2017, alikuta wastani wa siku ya kazi ya daladala ukifika saa 15. Maneno "kazi mbaya ukiwa nayo", yaliyowahi kuzunguka mjini mgongoni mwa daladala, huwachekesha abiria. Dereva huyu hayaoni kuwa mzaha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, japo mwanzo nao haukuwa peponi. Enzi za UDA, shirika la umma la usafiri wa Dar es Salaam, dereva alikuwa mwajiriwa, na tatizo lilikuwa kwamba mabasi yenyewe hayakutosha. Mwaka 1983 Serikali iliwafungulia mlango watu binafsi, nauli ikiwa "dala", shilingi tano, na jina likashika. Mji ulipata mabasi. Dereva akapata usukani, akapoteza mwajiri.

Waliwahi kudai. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, na Mei wakagoma tena. Miongoni mwa madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Dereva huyu alikuwepo Ubungo siku ya kwanza na anakumbuka moshi wa mabomu ya machozi kuliko hotuba. Baadaye, anasema, aliletewa karatasi na mwenye gari aliyekuwa naye wakati huo, akaambiwa atie saini ili gari lipate leseni. Aliisaini juu ya boneti. Hakuiona tena wala hakupewa nakala, na hesabu ya siku hiyo ilidaiwa kama kawaida.

Lazima isemwe kwamba neno tajiri lina uongo ndani yake. Wenye Kosta moja au mbili wengi si matajiri wa kutisha. Yupo mwalimu aliyechukua mkopo, yupo nesi aliyestaafu akaweka kiinua mgongo chake kwenye matairi sita. Nao wana bima, leseni, kodi, vipuri, na rejesho la benki lisilojua mvua ya masika. Wanapanga hesabu isiyobadilika kwa sababu madeni yao hayabadiliki. Dereva mwenyewe alikiri hivyo, bila chuki: injini ikifa ni ya tajiri, pancha ni yake. Tofauti ni kwamba tajiri amempata mtu wa kumsukumia mzigo wake, na dereva naye, saa sita mchana, amempata deiwaka.

Huyo deiwaka ndiye aliyebaki kichwani mwa mwandishi kuliko wote. Hayumo daftarini. Hana mstari, hata kistari. Malipo yake hutoka mkononi mwa konda kwa tripu, na tajiri huenda hajawahi kumwona. Akipinduka na gari saa nane mchana pale Tabata, mwajiri wake ni nani? Ni tajiri asiyemjua, au ni dereva aliyekuwa anakula maharage Makumbusho? Nchi ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa ajili ya anayeumia kazini, lakini mfuko huo hufikiwa kupitia mwajiri. Dereva alipoulizwa, alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko kwa swali lolote. "Mimi mwenyewe nilianza udeiwaka," alisema mwishowe. "Miaka minne. Mungu alikuwa macho."

Redio ya mama lishe ilikuwa ikizungumzia kima cha chini cha mshahara. Cha watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na cha sekta binafsi, kwa wastani, kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Dereva alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza matokeo ya mechi ya timu asiyoishabikia. Kisha alilivuta daftari, akafungua wiki iliyopita na kujumlisha mistari ya sisi kwa kalamu. Jumanne 14,000, ya kugawana wawili. Jumatano kistari. Alhamisi na Ijumaa nzuri, maana shule zilikuwa zimefungwa. Hakusema amepata ngapi. Alifunika ukurasa kwa kiganja akauliza kama mtu asiye na mshahara anaweza kuwa na kima cha chini.

Wasiwasi wake mkubwa hata hivyo hauko kwenye mshahara, uko kwenye mabasi ya mwendokasi. Mwaka 2016, mwendokasi ulipoanza kati ya Kimara na katikati ya mji, daladala za Barabara ya Morogoro ziliondolewa au kuhamishiwa ruti nyingine, na madereva aliowajua walitawanyika. Wawili sasa wanaendesha bodaboda. Kama abiria anaupenda mwendokasi, na anasema ukifika kwa wakati hauna mpinzani. Tena madereva wake wanavaa sare na wanalipwa mwisho wa mwezi. Amewahi kufikiria kuomba kazi huko. Ana leseni ya daraja linalotakiwa. Alichokosa, anasema, ni barua ya mwajiri wa zamani inayothibitisha uzoefu wa miaka kumi na tisa.

Saa nane na dakika ishirini Kosta ilirudi. Deiwaka aliruka chini akiwa ameshika fulana aliyoivua, konda akamtilia noti mbili kiganjani bila kuhesabu kwa sauti, naye deiwaka akaenda zake kuelekea magari ya Tegeta. Dereva aliliweka daftari mahali pake kwenye kioo na kuiazima kalamu ya mwandishi, ambayo hakuirudisha. Konda aligonga bodi mara mbili. Gari la Gongo la Mboto liliondoka na vichwa kumi na moja, viwili kati yake wanafunzi.