ZIMWI LENYE VINYWA VIWILI

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na baada ya hapo watu wengi wakaja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na kahawa yaliyoenea toka Ruiru hata ng'ambo ya mto Chania. Walikuja na mablanketi yao na majembe yao. Tena walikuja na hadithi zao. Katika hadithi za Wakikuyu hakuna kiumbe aliyewatia watoto hofu kuliko irimu, yaani zimwi.

Hadithi hizo hazikusimuliwa ovyo. Zilingoja jua lichwe, mbuzi wafungwe na chungu kiwe mekoni. Hapo ndipo nyanya alipowataka wajukuu wamwitikie "Itha!", naye akaanza.

Zimwi hilo lina maumbo mengi, lakini alama yake mashuhuri ni kinywa cha pili kisogoni, kilichofichwa na nywele. Huja ngomani kwa sura ya kijana mzuri aliyejipaka mafuta, nao wasichana humfuata njiani. Mmoja wao huona nzi wakiingia nyuma ya kichwa cha yule mgeni wasitoke tena. Huwaambia wenzake, nao humcheka.

Hata jina lake lina safari ndefu. Wachaga nao husema irimu, Waswahili zimwi, Wazulu izimu. Wataalamu wa lugha za Kibantu hueleza kwamba maneno hayo yana mzizi mmoja, na kwamba mzizi huo ndio uliotoa pia neno mzimu. Basi yule mla watu wa hadithini na roho za wazee waliokufa ni ndugu, walau katika lugha.

Lakini hadithi inayostahili kusikilizwa kuliko zote ni ile ya mhunzi. Zamani wahunzi wa Kikuyu waliosha mchanga mweusi wa mitoni, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakapata chuma. Yasemekana mhunzi mmoja alikwenda kufua chuma mbali, akamwacha mkewe mja mzito. Mke akajifungua peke yake. Ndipo lilipokuja zimwi, likajitia kuwa msaidizi. Likaleta kuni, likapika, likampelekea mzazi chakula, na kabla hajanyosha mkono likasema, "Ah, hutaki? Basi nitakula mwenyewe." Kila siku ikawa vivyo hivyo, na yule mama akakonda mpaka akabaki mifupa.

Siku moja alianika mbegu za mbarika juani, na njiwa akaja kuzidonoa. Mama akamwambia ale ashibe, mradi ampelekee mumewe habari. Njiwa akaruka hata kiwandani, akatua juu ya mti, akaimba. Wahunzi wakamfukuza kwa kuwa aliwasumbua kazini. Akarudi, akaimba tena, hata mmoja wao akasema wanyamaze wamsikilize. Mhunzi alipofahamu, alichukua mkuki wake akaenda mbio, akajificha nyumbani. Zimwi lilipofika na mzigo wake wa kuni, likakutana na mkuki.

Ni dhahiri kwamba zimwi hili halikuvunja mlango. Liliingia kwa sababu mwenye nyumba hayupo, tena kwa sura ya msaidizi. Katika miaka ya ukoloni wanaume wengi walilala katika kambi za vibarua huko Thika na Ruiru, hali wake zao wamebaki vijijini wakilima. Kwa watu wa namna hiyo hadithi ya mhunzi haikuwa ya kuwatisha watoto tu. Na pengine wale wahunzi waliomfukuza njiwa ndio sehemu yake yenye uchungu zaidi, maana habari ilifika mapema, ila kazi ilikuwa na kelele.

Wajerumani nao wana hadithi inayofanana na hii. Katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1812, ndugu wawili wa jina la Grimm walisimulia juu ya mbwa mwitu aliyelala kitandani akivaa nguo za bibi kizee, akammeza mjukuu wake. Mwindaji akampasua tumbo, bibi na mjukuu wakatoka wazima. Basotho husimulia juu ya Kammapa, dude lililowameza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja, na mtoto wa mwanamke huyo ndiye aliyelipasua. Kwa Wakikuyu mambo ni ya ajabu zaidi: zimwi likiwa karibu kufa huagiza likatwe kidole, na humo kidoleni hutoka watu na ng'ombe waliomezwa.

Zimwi hilo halikufa pamoja na nyanya wa zamani. Mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru. Humo aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, nayo ikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-inĩ. Ndani yake mzee mmoja anasimulia habari za mkulima aliyebeba zimwi mgongoni, kucha zake zimezama mwilini mwake. Mkulima alilima, akachota maji, akapika. Zimwi likanenepa naye akakonda. Mwishowe alikwenda kwa mganga, akaambiwa achemshe mafuta ayamwage juu ya zile kucha.