Kurekodi chaneli nyingi Uvira: mashine ipo, kazi ni kuilisha umeme

Tangu Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ibadilishe mfumo wake msimu wa 2024/25, siku ya mwisho ya hatua ya ligi mechi 18 huchezwa kwa wakati mmoja. Hapa Uvira huwa ni saa nne usiku. Mwenye sine (ukumbi wa kuonyesha mpira) aliye na dekoda moja huonyesha mechi moja, na mashabiki wa timu nyingine hubaki kuulizia matokeo kwenye simu. Jumamosi nayo ina mgongano wake, kwani mechi kadhaa za Ligi Kuu ya Uingereza huanza pamoja jioni, na taarifa ya habari ya saa mbili ya Kinshasa hutufikia saa tatu, saa ileile ambayo mama mwenye nyumba anataka tamthilia yake.

Mgongano huo umezaa riziki kutoka Kavimvira hadi Kalundu. Kuna watu wanaorekodi chaneli mbili, tatu au nne kwa pamoja, kisha wanauza marudio kwenye flashi na kadi za simu, au wanayaonyesha ukumbini kesho yake mchana. Sekretaria zinazojaza nyimbo na filamu kwenye simu ni wateja wao. Makanisa na redio ndogo huja mara mojamoja.

Wateja wakubwa, kwa maelezo ya mfanyabiashara mmoja aliyezeeka katika kazi hii, ni wavuvi. Ndagala na mikebuka huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa giza ndio wenye mavuno. Mpira unapochezwa Ulaya, mvuvi yuko ziwani. Anaporudi asubuhi na kuuza samaki, ana pesa mkononi na hamu ya kuona kilichompita. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi inapumzika, na wavuvi haohao wanaingia sine kutazama moja kwa moja. Mauzo ya marudio hushuka siku hizo. Wanaotoza kodi za kila mwezi hawajawahi, asema mzee huyu, kuutazama mwezi wa juu kabla ya kudai.

Sasa vifaa. Kosa linalogharimu wengi ni kuhesabu chaneli zilizoandikwa kwenye boksi na kusahau njia za kuzipokea. Dekoda yenye kipokezi kimoja hukamata masafa mamoja tu kwa wakati. Masafa hayo ya setilaiti hubeba chaneli kadhaa kwa pamoja, na zikiwa za bure, mashine nzuri inaweza kuzirekodi zote kwa mpigo. Lakini chaneli mbili unazozitaka zikikaa kwenye masafa tofauti, unahitaji vipokezi viwili. Hapo kichwa cha dishi nacho kinaingia katika hesabu. Kichwa chenye tundu moja hupokea amri moja: mawimbi ya wima au ya mlalo, bendi ya chini au ya juu. Ukigawanya waya wake kwenda dekoda mbili zinazotaka amri tofauti, moja inatawala na nyingine inaonyesha giza. Kichwa chenye matundu mawili au manne huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko dekoda mpya, na bado mafundi wengi mjini huuza vigawanyio vya waya kwa sababu vinapatikana kila kibanda.

Mzee wetu alipitia hayo yote, na hasira zake hazijapoa. Alinunua Bujumbura dekoda iliyotangazwa kuwa inarekodi chaneli mbili. Mpakani alitozwa na mikono mbalimbali, kila mmoja na bei yake, na risiti aliyopewa haikulingana na alichotoa. Alipofika nyumbani aligundua kwamba kichwa cha dishi lake kina tundu moja. Akabadilisha kichwa. Chaneli mbili zikarekodiwa, lakini faili zilikataa kufunguka kwenye mashine nyingine yoyote, kwa sababu dekoda za kulipia hufunga rekodi zikae kwenye boksi lililozirekodi. Akajaribu kupitisha picha kwenye waya wa HDMI, nao ukakutana na kufuli jingine linalozuia kunakili. Anachouliza ni hiki: kama analipa abonema kamili kila mwezi, kwa kadi kila moja, kwa nini anauziwa kitufe cha kurekodi kisichomsaidia?

Swali lake lina jibu la kisheria ambalo halipendi. Sheria ya Kongo kuhusu haki za waandishi na haki jirani ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na abonema ya nyumbani haikupi ruhusa ya kuuza unachokitazama. Mjini hakuna asiyelijua hilo, na ni wachache wanaoonekana kubanwa nalo. Anayeshukiwa hutozwa kitu, kisha hurudi kazini, kwa hiyo sheria imegeuka kuwa kodi nyingine isiyo na bei maalumu. Ukitaka kufanya kazi hii kwa usalama, chaneli za bure, ibada, harusi na mashindano ya mitaani ndizo zinazobaki, na faida yake ni nyembamba.

Kifaa kilichoshinda sokoni kinawashangaza wageni: mashine ya kurekodi kamera za ulinzi. Ile ya zamani yenye matundu manne au manane hupokea picha kwa waya wa njano uleule unaotoka nyuma ya dekoda, na hurekodi matundu yote kwa pamoja bila kuchoka. Picha yake ni duni, uso wa mchezaji hautambuliki akiwa mbali, na mashine nyingi za bei ya chini zina tundu moja tu la sauti, hivyo chaneli nyingine hutoka bubu. Faili zake nazo zinahitaji kugeuzwa kabla ya kuchezwa kwenye simu. Hata hivyo inatumia volti 12, na hilo ndilo lililoipa ushindi. Unaiunga kwenye betri ya sola bila inveta. Kompyuta yenye kadi za kupokea setilaiti hufanya kazi bora mara nyingi zaidi, na programu zake huria ni za bure, ila inakula umeme mara kadhaa ya hapo, na fundi wa kuitengeneza lazima atoke mbali.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhi, hesabu si ngumu. Chaneli ya kawaida inayokwenda kwa megabiti tatu kwa sekunde hula kama gigabaiti 1.35 kwa saa, na nne kwa pamoja gigabaiti 5.4. Disiki yoyote inaweza. Inayoleta balaa ni disiki inayozunguka iliyochomekwa kwenye dekoda bila umeme wake, ambayo huzimika katikati ya kipindi cha pili.

Na umeme ndio mzizi wa yote. Uvira inategemea mabwawa ya Ruzizi, na kukatika kwake jioni hakuhitaji kuelezwa kwa msomaji wa hapa. Rekodi ikikatwa ghafla, mara nyingi faili zima huharibika. Afisa mmoja wa serikali, aliyekataa kutajwa, anasema subira inahitajika kwa sababu Ruzizi ya Tatu italeta megawati 206. Takwimu hiyo ni ya kweli kwenye karatasi za mradi. Afisa hakuongeza kwamba itagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, wala kwamba waya za mitaa ya Mulongwe na Kalundu haziongezeki kwa sababu bwawa limejengwa. Anadai pia kwamba kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kumerahisisha kuleta vifaa. Wauzaji hawaoni hilo. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo ya mpakani unalenga bidhaa zilizotoka ndani ya nchi za ukanda, na dekoda za China hazimo.

Njia ya kwenda Bukavu kupitia bonde la Ruzizi haitabiriki, ya ziwani kutoka Kigoma ni ndefu, na mpaka wa Burundi ukifungwa bei hupanda kabla ya jua kuzama. Kuna wanaosema intaneti ya simu itaiua biashara hii, kwa kuwa vijana tayari hutazama magoli kwenye simu. Inawezekana. Lakini bando la kutazama mechi nzima bado ni zito kwa mvuvi wa Makobola au Swima, na mtandao huko si wa kuaminika.

Mzee wetu hana mpango wa kununua dekoda ya tatu. Pesa aliyoweka, asema, ni ya betri ya pili.