Je, Wajua? Paa la Udongo na Paa la Makuti

Bonga, kusini mwa mji wa Babati kwenye barabara ya Kondoa, iko katika nchi ya Wagorowa. Nyumba ya asili ya huku ni tembe: paa bapa la miti iliyolazwa juu ya nguzo, kisha udongo ukashindiliwa juu yake. Je, wajua kwamba Wairaqw, ndugu zao wa karibu kwa lugha, walizichimbia tembe zao ubavuni mwa kilima ili zisionekane? Walikuwa wakijihami na wavamizi wa Kimaasai waliofuata ng'ombe. Majani yakiota juu ya paa, mpita njia alikanyaga nyumba akidhani ni mteremko tu. Usiku mifugo ililala ndani pamoja na wenyewe.

 

Pwani paa ni la makuti, na mnazi ndio hutoa karibu kila kitu cha nyumba ya mvuvi. Kuti hukunjwa juu ya ufito na kushonwa, kisha huezekwa kwa kulaliana kuanzia chini kwenda juu. Paa lazima liwe na mwinamo mkali. Likilala, maji hutuama na makuti huoza upesi. Kamba za kufungia nazo zina kazi ndefu. Wanawake hufukia makumbi ya nazi katika mashimo ya ufukweni, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake kwa miezi kadhaa. Yakishalainika huyafukua, huyaponda kwa magongo mpaka zibaki nyuzi za usumba, halafu huzisokota kwa viganja. Hiyo ni kazi ya jasho inayostahili kutajwa kila nyumba hizi zinaposifiwa.

Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za mawe, Lamu na Unguja, ni virefu na vyembamba? Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini wakati wa upepo wa kusi zikaenda kuezeka nyumba za Ghuba, kusikokuwa na miti ya kujengea. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.