Kiherehere cha Moyo na Kidonge cha Daku

Sisi watu wa pwani moyo tumeupa maneno mengi. Ukienda mbio kwa hofu, twasema wadunda. Ukirukaruka bila mpango, wapapatika. Ukipiga hata mtu akausikia masikioni alalapo ubavu, twasema wapwita. Na hali hiyo yote kwa jumla wazee wetu waliiita kiherehere cha moyo. Neno hilo hilo ndilo apewalo mtu mwenye pupa, ajitiaye katika mambo yasiyomhusu, na pengine ndiyo sababu mtu akilalamika kuwa ana kiherehere cha moyo, jawabu apewalo ni kwamba atulie, avute uradi, kitapita.

Mimi nami niliambiwa nitulie. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1444, iliyoangukia mwisho wa Machi 2023, na joto la Mombasa bado halijavunjika. Kwa miaka sita nilikuwa nikimeza kidonge kimoja cha atenolol kila asubuhi baada ya chai, kwa ajili ya presha. Mfungo ulipoingia, chai ya asubuhi ikaondoka, na kidonge nacho kikaondoka nayo. Siku ya kwanza nilisahau. Ya pili nilikumbuka adhana ya alfajiri imekwisha. Ya tatu nikajiona mzima buheri wa afya, nikajisemea moyoni kuwa huenda saumu yenyewe ndiyo dawa, na hivyo vidonge nilikuwa nikijazia tumbo bure.

Usiku wa tano, katika tarawehe, nilipoinuka kutoka sijida moyo ulishika mbio kana kwamba nafukuzwa. Nikasali zilizobaki nikiwa nimeketi. Barazani wenzangu wakailaumu kahawa, nami ni kweli nilikuwa nimekunywa vikombe vinne vya kahawa chungu ya tangawizi. Mmoja akasema ni riahi imepanda kifuani kwa sababu ya bajia. Nilipofika nyumbani, mamangu mdogo aliyekuja kufuturu kwetu alinitazama mara moja tu, akakata shauri.

"Mwanangu, hilo ni jicho," akasema. "Nyumba umeipaka rangi juzi, watu wapita wakitazama. Wataka nini tena?"

Basi kesho yake baada ya alasiri nikapelekwa kwa maalim mmoja, mzee wa makamo ya mamangu mdogo, anayeandika makombe. Kwa wasioijua kazi hiyo, maalim huandika aya za Kurani kwa wino wa zafarani katika sahani nyeupe, kisha maandishi huoshwa kwa marashi na maji, na mgonjwa akanywa. Nilidhani ataniuliza habari za maadui zangu. Hakuuliza. Alinishika kiganja, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho, akakaa kimya muda mrefu hata nikasikia aibu.

Kushika mshipa namna ile si jambo geni katika utabibu wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza kwa marefu na mapana namna za mapigo ya mshipa katika kitabu chake cha Al-Qanun, na tena akatunga risala mbali juu ya dawa za moyo. Miongoni mwa dawa alizozitaja humo ni zafarani, ile ile iliyokuwa mbele ya maalim siku ile ndani ya kikombe.

Alipofumbua macho akaniuliza, "Kuna dawa ya hospitali uloiwata?"

Nilinyamaa. Watu wote wale walionishauri, hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali hilo, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Nikamweleza. Akaniandikia kombe, nikanywa, kisha akamwambia kijana wake aite tuktuk.

Hospitalini presha ilikuwa 190 kwa 110, na mapigo 128 kwa dakika; moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya 60 na 100. Daktari, kijana wa kike mwenye buibui, alinieleza jambo ambalo kwa miaka sita sikuwa nalijua. Alisema mwili una maji yake ya kuuamsha moyo, yaitwayo adrenalini, nayo huingia moyoni kupitia milango maalumu. Kazi ya atenolol ni kusimama mlangoni na kuyazuia. Lakini moyo nao una hila zake: ukiona milango imezibwa siku nyingi, huongeza milango mingine. Basi ukimwondoa bawabu kwa ghafla, maji yale huingia kwa milango ya zamani na mipya pamoja. Ndiyo maana moyo hukimbia kuliko ulivyokuwa kabla ya dawa, na wengine hupatwa na maumivu ya kifua hata moyo kuzimika. Dawa za namna hii zatokana na kazi ya James Black, bingwa wa Scotland aliyetunukiwa Nobel mwaka 1988, nazo haziachwi siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari akiangalia.

Si kila kiherehere hutokana na kuacha, alisema. Ziko dawa nyingine za presha, kama vile nifedipine na amlodipine, ambazo hutanua mishipa, na baadhi ya watu moyo huwadunda kwa sababu wanazimeza. Na vidonge vya kukojoza vyaweza kupunguza potasiamu mwilini, nayo ikipungua moyo hukosa mpango wake. Kwa hiyo watu wawili wa baraza moja waweza kuwa na kiherehere kimoja na sababu zao zikawa mbalimbali, na dawa ya huyu ikamdhuru yule. Nilimkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa akigawa vidonge vyake kwa marafiki kama tende.

Kuhusu saumu, alisema kidonge changu chatosha mara moja kwa siku, basi nikimeze wakati wa daku. Akaongeza kwamba mgonjwa ana ruhusa katika Kurani, nikiona uzito nisijitese. Nilitaka kumwambia hayo nayajua tangu chuoni, nikaona haya. Siku tatu sikufunga, nikazilipa baada ya Idi.

Siku ya Idi pili nilikwenda kumwamkua maalim na sahani ya haluwa. Tulipokwisha kunywa kahawa, kikombe kimoja tu kwangu, alitia mkono katika mfuko wa kanzu akatoa pakiti ya vidonge, imekunjika kunjika, akanipa.

"Nisomee hapa, mwanangu," akasema. "Herufi zao ndogo mno. Zaisha lini?"