Droo ya dashibodi ya Beetle ikigoma, bisibisi isitangulie

Gari linapita kwenye tuta, mfuniko wa droo ya dashibodi unafunguka wenyewe, karatasi zote chini. Mwenye gari anaubamiza kwa kiganja. Unashika siku mbili, siku ya tatu haufunguki kabisa, na kadi ya gari iko humo humo ndani. Hapo ndipo mtu anapochomeka bisibisi kwenye upenyo, na hasara ya kweli inaanza.

Kwa Volkswagen Beetle hasara hiyo si mchezo. Ukiacha 1303, ile yenye kioo cha mbele kilichopinda, dashibodi ya Beetle nyingi ni bati lililopakwa rangi. Ukingo ukikunjika ni kazi ya kunyoosha bati na kupiga rangi upya, wakati tatizo lenyewe lilikuwa la skrubu mbili. Na gari hili halitengenezwi tena: la mwisho lilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003.

Komeo lenyewe ni kitu kidogo. Kuna kitufe au kitasa, kuna ulimi wa chuma, kuna springi inayousukuma ulimi utoke, na upande wa pili kuna kibati kinachoudaka. Basi. Kila mtu hulaumu kitasa, kumbe mara nyingi kilichoharibika ni mkao tu. Mtetemo wa miaka 50 umelegeza skrubu, bawaba zimechoka, mfuniko umeshuka milimita moja au mbili, na ulimi unagusa ukingo wa kibati badala ya kuingia.

Kujua ni lipi kati ya hayo, fundi anauacha mfuniko wazi na kuusukuma ulimi kwa kidole. Ukirudi chap, springi ni nzima na shida iko kwenye mkao. Ukirudi kivivu, ni grisi ya zamani iliyoshikana na vumbi mpaka ikawa kama gundi. Usiporudi kabisa, springi imekatika au imechomoka.

Kwa shida ya mkao, lipstiki inasaidia kuliko kifaa chochote cha gereji. Anapaka kidogo kwenye ncha ya ulimi, anafunga mfuniko taratibu, kisha anaangalia alama imeachwa wapi kwenye kibati. Skrubu za kibati zinalegezwa bila kutolewa, kibati kinasogezwa kidogo sana, zinakazwa, anajaribu tena. Lakini kama mfuniko umekaa upande, aanze na bawaba. Kusogeza kibati kiufuate mfuniko uliopinda ni kuficha ugonjwa.

Uchafu unatolewa kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, panakaushwa, kisha tone moja la oili pale ulimi unapoteleza. Petroli isitumike ndani ya gari. Tundu la ufunguo halitaki grisi, maana grisi hukamata vumbi. Kuusugua ufunguo kwa penseli laini na kuuingiza mara kadhaa kunatosha. Springi ya kalamu ya wino inaweza kushikilia kwa muda, ingawa ni dhaifu.

Sasa mfuniko uliogoma kufunguka. Kwanza mtu mmoja ausukume kwa ndani, karibu na komeo, huku mwingine akibonyeza kitufe. Ulimi uliobanwa hupata nafasi na mara nyingi unaachia. Ikishindikana, Beetle ambayo boneti yake haifunguliwi kutoka ndani ya droo hiyohiyo ina njia ya nyuma. Injini yake iko nyuma, kwa hiyo boneti ya mbele ndiyo buti. Ikifunguliwa na kadibodi inayoziba nyuma ya dashibodi ikaondolewa, mgongo wa droo unaonekana, na droo ikilegezwa mkono unaweza kulifikia komeo bila kugusa rangi. Kwenye magari mengi ya zamani droo yenyewe ni ya kadibodi ngumu, kwa hiyo haivutwi kwa nguvu. Iliyowahi kulowa inachanika kama karatasi.

Kabla ya kuingiza mkono huko, waya wa hasi wa betri utolewe. Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Nyaya za dashibodi ziko palepale, na tangi la petroli nalo liko mbele, chini ya boneti hiyohiyo. Cheche moja si ya kuibahatisha.

Kazi ikiisha, mfuniko usifungwe kwanza. Fundi ausukume ulimi, abonyeze kitufe, aone kama unaingia na kutoka, mara tatu hivi. Anayefunga kabla ya kupima hujikuta amerudi kwenye boneti. Na mfuniko ulio wazi si meza ya chai: uzito unaoegemezwa juu yake unakwenda moja kwa moja kwenye bawaba zilizokwisha kunyooshwa.