Kabla ulipie kapeti, choma uzi

Nilipohamia bedsita yangu ya kwanza Kayole, nilinunua kapeti la manyoya marefu kabla hata ya kitanda. Kwenye picha lilivutia, wacha tu! Kisha dadangu mdogo mwenye pumu akaja kulala. Usiku kucha alikuwa akitafuta inhela. Manyoya marefu huficha vumbi, na kwetu maji hutoka mara mbili kwa wiki. Ningelifua lini?

Siku hizi naangalia kitambaa kwanza, rangi baadaye. Sufu hutunza joto na hudumu, ila bei yake si ya mfuko wetu. Mkonge ni imara, lakini chai ikimwagika, doa halitoki. Poliesta ni bei nafuu na hukauka upesi, ila huyeyuka ikiguswa na moto. Usiiweke karibu na meko. Pamba nyepesi unafua kwa beseni, unaanika.

Muuzaji akikuapia ni sufu, omba uzi mmoja, uuchome nje. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu. Ikiyeyuka ikawa kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, buda.

Mimi? Nina kakapeti ka pamba, futi nne kwa sita. Dadangu akija, analala fofofo.