Mabaki ya ndege za vita yasiishie chunguni

Msafiri atokaye Kisumu akielekea Uganda, kilomita chache kabla ya kuufikia mji wa Busia, hupita kituo kidogo kiitwacho Mundika. Aghalabu hasimami. Haraka ya mpaka humvuta, naye huwaza juu ya foleni ya malori, wabadilishaji fedha na stakabadhi za forodha. Mimi nilisimama kwa sababu ya mlio wa nyundo. Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake fundi wa kusubu sufuria alikuwa akimpigia kelele kijana wake azidishe upepo katika tanuri la mkaa.

Nilikaribishwa kwa kigoda na kuitwa "mwalimu", kama aitwavyo huku kila mtu mwenye miwani na kalamu mfukoni. Nikatazama. Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660, kiasi ambacho mkaa mzuri na upepo wa kutosha hukifikia bila taabu kubwa. Katika chungu cha kuyeyushia zilikuwa zikiingia pistoni za injini, fremu za madirisha, vifuniko vya gia na sufuria zilizotoboka. Kalibu ilikuwa ya mchanga mweusi uliosindiliwa kwa nguvu. Kila kitu kiliingia chunguni kikiwa na historia yake na kutoka bila historia, kiking'aa, tayari kupelekwa sokoni.

Tulipokuwa tukinywa chai, fundi yule aliinama chini ya meza yake na kutoa kipande cha bati kilichofungwa katika gunia. Ukubwa wake haukuzidi daftari la mtoto wa shule. Upande mmoja kilikuwa cheupe kilichokwaruzika. Upande wa pili kilibaki na rangi ya kijani iliyofifia. Safu mbili za ribiti zilipita ukingoni, vichwa vyake vikiwa vimezamishwa sawasawa na bati hata kidole hakizisikii. Pembeni palikuwa na tarakimu zilizopigwa kwa mhuri, na herufi moja iliyofanana na R iliyogeuzwa ikatazama nyuma.

"Hiki ni cha ndege ya Amin," akasema. "Ndege ya vita. Marehemu baba alikinunua kwa mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo, pamoja na magunia mengine."

"Magunia mengine yako wapi?"

Alicheka, akanyoosha mkono kuelekea soko. "Yanapika ugali, mwalimu."

Siwezi kumwapia msomaji kwamba kipande kile kilitoka katika ndege ya kivita ya Uganda. Neno la baba kwa mwanawe si cheti. Lakini jambo lenyewe haliko mbali na akili. Serikali ya Idi Amin ilinunua kutoka Muungano wa Kisovieti ndege za MiG-17 na MiG-21. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomando wa Israeli walipotua Entebbe kuwakomboa mateka wa ndege ya Air France, waliziharibu ndege kadhaa za MiG zilizokuwa zimeegeshwa pale ili zisiwafukuze njiani, kisha wakapitia Nairobi kujaza mafuta. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata viliimaliza serikali yake. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Nchi ikivurugika kiasi hicho, vyuma vyake hutawanyika. Na kwa mwenye vyuma vya kuuza mashariki ya Uganda, njia iliyo wazi ni ile ipitayo Busia na Malaba.

Mpaka huu, tangu hapo, haujapata kukosa shughuli. Ndipo ilipozaliwa boda boda, baiskeli iliyombeba msafiri na mzigo wake kutoka "border" moja hadi nyingine. Ndipo kahawa ya magendo ilipovuka miaka ya 1970. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018 kimepunguza usumbufu mwingi, lakini hakijabadili tabia ya mpaka: kila kitu kina bei upande mmoja na bei nyingine upande wa pili. Swali langu leo ni kuhusu kitu ambacho bei yake tumeikosea pande zote mbili.

Huko California, Marekani, iko kampuni iitwayo MotoArt ambayo hununua ndege zilizostaafu, za kijeshi na za abiria, na kuyakata mabati ya maungo yake kuwa vibati vidogo vya kutia funguo. Kila kibati huchongwa aina ya ndege na nambari iliyokuwa mkiani mwake. Rangi huachwa ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake. Kibati cha kawaida huuzwa kwa takriban dola 30, yaani karibu shilingi 4,000 za Kenya, na bado wako watu wanaokimbilia toleo kabla halijamalizika. Kilo nzima ya alumini chakavu haifikishi hata robo ya fedha hizo. Mnunuzi analipa nini basi? Hanunui alumini. Ananunua uhakika kwamba bati hili, na si jingine, liliruka katika anga fulani likiwa sehemu ya ndege fulani. Mwaka 2003, Concorde ilipostaafu, vipande vyake vilinadiwa na Christie's mjini Paris, na watu walipigania hata vipimo vya chumba cha rubani.

Haikuwa hivyo daima. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Wamarekani walizikusanya ndege kwa maelfu kule Kingman, Arizona, wakaziyeyusha kwa pupa kuliko fundi wetu wa Mundika. Na Waingereza walikuwa wamefanya kinyume chake: Julai 1940, serikali yao iliwasihi akina mama watoe sufuria na birika za alumini zikatengeneze ndege za Spitfire na Hurricane. Wakazitoa kwa malundo. Wao waligeuza sufuria kuwa ndege. Sisi tunageuza ndege kuwa sufuria. Ningalikuwa na wakati ningekaa na mzaha huu kwa muda mrefu zaidi, lakini jambo lenyewe lina upande usiochekesha.

Bati la ndege si alumini safi. Ni mchanganyiko uliobuniwa na Mjerumani Alfred Wilm mwanzoni mwa karne ya 20, ambamo shaba huongezwa ili kuipa nguvu. Aina nyingine hutiwa zinki. Mchanganyiko huo ni hodari angani lakini huliwa upesi na chumvi na maji, ndiyo maana mabati mengi ya ndege huvikwa ngozi nyembamba ya alumini safi. Ukiyeyusha, ngozi hiyo hupotea ndani ya mchanganyiko. Ukiongeza pistoni, vipande vya redieta na makorokoro mengine, hujui tena unachopikia. Watafiti waliopima sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu nchini Kameruni mwaka 2014, na kisha katika nchi kumi zikiwemo Kenya na Tanzania mwaka 2017, waligundua kwamba nyingi hutoa madini ya risasi ndani ya chakula. Lugha yetu imetumia neno moja kwa madini hayo na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Mtoto anayeyala kidogo kidogo katika uji wake hadhuriki kwa siku moja. Hudhurika ubongo kwa miaka.

Isitoshe, ndege ya zamani ya kivita huficha mambo mengine. Saa na vipimo vya chumba cha rubani vya enzi zile vingi vilipakwa radiamu ili vionekane gizani. Mng'ao huo hufifia, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu yake. Kiti cha kumrusha rubani kina baruti. Sehemu nyingine ni za magnesiamu, ambayo ikishika moto haizimwi kwa maji, bali maji huuchochea. Fundi wa kando ya barabara, asiye na glavu wala miwani ya kukinga macho, atayajuaje haya ikiwa chuma kimemfikia gizani bila karatasi?

Hapa ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Karatasi ndiyo itengayo kumbukumbu na takataka, na ndiyo hiyohiyo itengayo biashara na wizi. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Tulijifunza kwa uchungu thamani yake Januari 2022, nguzo za umeme zilipoanguka Nairobi na nchi karibu nzima ikawa gizani. Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, marufuku iliyoondolewa Mei mwaka huohuo. Wezi walinyamaza kidogo. Mafundi wasio na hatia, wa Mundika na kwingineko, ndio waliolala njaa.

Yamkini iko njia bora. Jeshi la Wanahewa la Kenya, lililoundwa Juni 1964, limewahi kurusha Hawker Hunter na Strikemaster za Uingereza, zilizoondoka kazini zamani. Majirani zetu nao wana zao: Uganda ilikuwa na MiG zake, na mwaka 2011 ikaanza kupokea Sukhoi. Ndege hustaafu, na zitazidi kustaafu. Kabla ya tingatinga kufika, kwa nini mabati ya nje yasiyo na siri wala sumu yasikatwe, yakapigwa nambari, yakapewa cheti chenye saini ya jeshi lenyewe, kisha yakauzwa kwa mnada wa wazi kwa vikundi vya jua kali vilivyosajiliwa? Fundi anayeweza kusubu mfuniko ukakaa sawasawa juu ya sufuria hashindwi kutengeneza bangili, kitako cha kalamu au ndege ndogo ya mezani. Mtalii anayevuka Malaba hununua nini leo? Soda.

Wala si ndoto. Katika kijiji cha Ban Napia nchini Laos, wanakijiji husubu vijiko kwa alumini ya mabaki ya vita, katika kalibu za mbao na majivu. Nchi hiyo iliangushiwa na Wamarekani zaidi ya tani milioni mbili za mabomu kati ya 1964 na 1973. Leo wageni hufika kijijini humo kununua vijiko na bangili, wakijua vilikotoka. Nasi Entebbe tuna ufuo uitwao Aero Beach, ambako maungo ya ndege kuukuu yamewekwa mchangani na watu hulipa kiingilio ili wapigwe picha kando yake.

Nilidhani nimeikamilisha hoja yangu, nikaondoka kibandani nimejaa majivuno. Nikapita kwa mama mmoja muuza omena ng'ambo ya barabara, mtu wa makamo yaliyopita, aliyekuwa amesikia mazungumzo yetu. Alizaliwa upande wa Uganda, akavuka mpaka akiwa msichana, usiku, pamoja na mamaye na wadogo zake wawili. Baba yake alikuwa amechukuliwa na askari na hakurudi.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unataka kumpa mtu kitu cha Amin akivae shingoni?"

Nilimweleza habari za Laos. Alinisikiliza kwa adabu, akipima omena kwa gorogoro.

"Hao wa huko walirushiwa," akasema. "Wanauza kilichowaumiza. Hiyo ni haki yao. Lakini mimi nikiona watu wanacheza na kitu hicho, nitauliza ni nani aliyeulizwa."

Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba nimelipata tangu siku hiyo. Nadhani alichosema kinabadili pendekezo langu bila kuliua. Cheti kisitaje aina ya ndege na nambari yake tu, bali pia ilichofanya: kwamba ndege hii ilikuwa ya serikali iliyoua raia wake, kwamba ile ilishiriki vita vya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga Mwanza, na mabomu yake yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua swala. Kipande chake, kama kingepatikana, kingekuwa na thamani gani bila habari ya wale swala? Na fungu la mapato liende kwa watu wa pande zile zilizoumia. Mama yule aulizwe kwanza. Akisema la kwa ndege za Amin, basi tuanze na zile za mafunzo na za mizigo, zisizo na damu ya mtu.

Nilirudi kibandani kuaga. Tanuri lilikuwa limepamba moto na wateja wawili walikuwa wakibishana juu ya bei ya sufuria ya kupikia kwenye matanga. Fundi alinivuta kando, gunia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "wewe unakutana na watu wengi. Hakuna anayejua kuisoma namba hii?"

Nikatoa daftari nikazinakili tarakimu zote, na ile herufi iliyogeuka. Aliniomba nimwonyeshe nilichoandika, akakilinganisha na bati, tarakimu kwa tarakimu, akanisahihisha saba niliyokuwa nimeiandika moja.